KWA NINI STERINGI HAFI?

(Mazungumzo ya Afisa Elimu ya Watu Wazima kwa wahitimu wa kisomo, Nyarero, Tarime)



Leo sisemi habari za mbegu bora wala za kuchemsha maji. Hizo tutazirudia siku nyingine. Leo tuzungumze juu ya sinema za vita. Najua wapo watakaocheka na kusema mwalimu amekosa somo. Lakini somo hili limeletwa na mwenzenu. Tulipokuwa tukisoma habari za Vita vya Kagera, mama mmoja aliweka kalamu chini akauliza: "Mwalimu, mjukuu wangu kila jioni yuko kwenye banda la video. Ananiambia steringi hafi. Mbona kaka yangu alikwenda vitani asirudi? Kwani yeye alikuwa adui?"

Swali hilo si la kujibiwa kwa haraka. Nimelitafutia jibu vitabuni na kwa wazee, na leo nawaletea nilichokipata.

Kwanza tuelewane maneno. Steringi ni yule mtu mkuu katika sinema. Anapigwa risasi mia, zote zinapita pembeni. Yeye akipiga moja, wanaanguka watatu. Halali, haendi chooni, bunduki yake haiishiwi risasi. Adui ni wale wengine wote. Wao hawana majina, hawana mama, wanaanguka kama mabua ya mahindi.

Sasa kwa nini steringi hafi? Jibu la kwanza ni jepesi. Hafi kwa sababu aliyetoa fedha za kutengeneza sinema hataki afe. Sinema ni kazi ya gharama. Kuna wenye kamera, wapishi, madereva, washona nguo, na mafundi wa kulipua baruti. Damu mnayoiona ni rangi. Mwenye fedha anataka zirudi. Steringi akifa mapema, watu watatoka bandani wakidai hela yao.

Lakini kuna mwenye fedha wa aina nyingine, naye ni Serikali. Huyu hatafuti shilingi yako. Anatafuta imani yako. Anataka ukitoka pale uwe tayari kwenda vitani, au kumtoa mwanao, au kuvumilia njaa bila kulalamika. Kazi hiyo ya kuelekeza mawazo ya watu ndiyo inayoitwa propaganda.

Watu wengi hudhani propaganda ni uongo. Si lazima iwe uongo. Mfikirie mtu anayepeleka ng'ombe mnadani. Ng'ombe yule ana kidonda mguu wa kushoto. Muuzaji anamwosha vizuri, kisha anamsimamisha upande wa kushoto uelekee kwenye uzio. Ukimwuliza, "Huyu anatoa maziwa?" anajibu ndiyo, na kweli anatoa. Hakusema uongo hata neno moja. Lakini wewe umeona upande mmoja tu wa ng'ombe. Hapa Tarime nani asiyeijua mbinu hiyo? Kamera nayo hufanya vivyo hivyo. Ina jicho moja, na jicho hilo hutazama pale mwenyewe anapolielekeza.

Serikali zote hufanya hivyo

Mambo haya hayakuanza jana. Mwaka 1939, Vita Kuu ya Pili ilipoanza, Serikali ya Uingereza iliunda kitengo maalumu cha kutengeneza filamu kwa ajili ya watu wa makoloni yake. Magari ya sinema yakazunguka vijijini. Watu wakaonyeshwa nguvu za Uingereza na askari Waafrika wakipiga gwaride safi. Vijana wa huku Mara walikuwa miongoni mwa walioingia KAR. Jenerali David Musuguri, mzaliwa wa Butiama, aliingia jeshi hilo mwaka 1942 na akapelekwa mpaka Madagascar. Baadaye alikuja kuongoza majeshi yetu katika Vita vya Kagera. Alifariki Oktoba 2024, akiwa na umri wa miaka 104.

Hata kabla ya magari ya sinema, watawala walikuwa na namna yao ya kuonyesha ushujaa. Aliyefika Dar es Salaam ameiona Sanamu ya Askari katikati ya mji, iliyosimamishwa mwaka 1927 kwa ukumbusho wa Vita Kuu ya Kwanza. Ni askari mmoja, ameelekeza bunduki mbele. Basi, mahali kidogo kutoka hapo pana soko la Kariakoo. Jina hilo linatokana na kikosi cha wapagazi, wale waliobeba mizigo ya majeshi kichwani. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa Afrika Mashariki katika vita ile kwa njaa, kuhara na malaria. Pale juu ya sanamu mpagazi hayupo. Ameachiwa jina la soko.

Jirani yetu Idi Amin aliipenda sana kamera. Mwaka 1974 alimruhusu mtengeneza filamu kutoka Ulaya, Barbet Schroeder, ampige picha akiwa kazini. Katika filamu hiyo Amin anawaongoza askari wake katika vita vya maigizo. Anajifanya anateka milima ya Golan, ambayo Israeli iliitwaa kutoka Syria mwaka 1967. Yeye mwenyewe ndiye steringi. Filamu ilipotoka hakupenda sehemu fulani. Akawakusanya hotelini Wafaransa waliokuwa wakiishi Uganda, akatisha mpaka sehemu hizo zikakatwa. Zilirudishwa baada ya yeye kuanguka.

Tena, miaka mingi baadaye, picha zipatazo 70,000 zilizopigwa na wapiga picha wa Serikali ya Amin zilikutwa katika shirika la utangazaji la Uganda. Mwaka 2019 baadhi yake zilionyeshwa katika jumba la makumbusho la Kampala. Zipo picha za gwaride, mikutano ya hadhara na wageni. Vyumba vya mateso havimo. Mpiga picha wa Serikali hakupelekwa huko na kamera yake.

Sasa tuje kwetu. Mwisho wa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliingia Kagera, yakaua watu, yakachoma nyumba na kuswaga ng'ombe kwa maelfu. Tarehe 1 Novemba Radio Uganda ikajigamba kwamba eneo lile limetekwa kwa dakika 25. Dakika 25! Kuswaga ng'ombe tu kutoka hapa mpaka mnadani kunazidi hapo. Kesho yake, tarehe 2 Novemba, Mwalimu Nyerere aliwaambia wananchi kwamba tutampiga Amin, kwa kuwa sababu tunayo, uwezo tunao na nia tunayo. Wazee wanasema watu waliizunguka redio kama wanaota moto. Toka siku zile Amin akawa na jina moja tu kwetu: nduli.

Neno hilo nduli lilikuwa propaganda pia. Nasema hivyo bila kumtetea Amin, maana alikuwa muuaji kweli. Lakini angalieni kazi ya neno. Mtu akishaitwa nduli si mtu tena. Na askari wake wote wakawa manduli, hata yule kijana aliyeshikwa sokoni na kuvalishwa magwanda.

Wanaotoka nje ya picha

Mwaka 1980 Kampuni ya Filamu ya Tanzania pamoja na chombo kingine cha Serikali walitoa filamu ya rangi iitwayo Vita vya Kagera. Ilieleza vita toka mwanzo, na ilikazia ushujaa na uthabiti wa askari wetu. Mimi nasema ushujaa ule ulikuwa wa kweli. Vita ile ilikuwa ya haki, tulivamiwa. Lakini filamu ya vita ina mambo ambayo haiwezi kuyaonyesha kirahisi, hata ikitaka. Mpiga picha yuko na upande mmoja, kwa kibali cha upande huo. Ni rahisi kumpiga picha askari anayefyatua mzinga, maana mzinga uko nyuma. Kule bomu linakoanguka, kilomita nyingi mbele, hayupo. Kwa hiyo unaona moshi na unasikia kishindo, halafu muziki. Nyumba iliyoangukiwa huioni.

Nitawapa mifano mitatu ya mambo ambayo hayakai vizuri katika sinema za mashujaa. Ule wa kwanza nitaukalia zaidi, kwa sababu naupenda.

Usiku wa tarehe 10 Machi 1979 brigedi yetu ya 201 ilikuwa Lukaya, kwenye barabara ya Masaka kwenda Kampala, mahali penye kinamasi. Wengi wao walikuwa mgambo, yaani wakulima kama ninyi waliokuwa hawajawahi kuona vita kubwa. Majeshi ya Libya, yaliyokuja kumsaidia Amin, yakawarushia maroketi. Maroketi mengi yalipita juu ya vichwa vyao, lakini ule mlio haujawahi kusikiwa. Askari wetu wakavunja mistari wakakimbia gizani, wakaingia kwenye kinamasi. Ndiyo, walikimbia. Mimi ningekimbia, na wewe pia. Usiku uleule brigedi ya 208, chini ya Brigedia Mwita Marwa (jina ambalo huku halihitaji kuelezwa), ilizunguka ili ije kumpiga adui ubavuni. Na wale wa 201 wakapangwa upya. Alfajiri ya tarehe 11 wakarudi palepale walipokimbia. Wakapiga, wakashinda. Baada ya hapo njia ya Kampala ikawa wazi, na mji ule ukatekwa tarehe 11 Aprili.

Sasa niambieni. Shujaa ni yupi? Yule wa bandani asiyeogopa kitu, au mkulima aliyekesha ndani ya maji usiku kucha akitetemeka, halafu asubuhi akarudi? Steringi harudi, kwa sababu hakukimbia. Mjukuu anayefundishwa na steringi atadhani woga ni aibu, na kwamba mwanamume ni yule asiyeusikia.

Mfano wa pili unauma. Januari 1979 majeshi yetu yaliiteka Mutukula, mpakani, mji ukabomolewa na raia wakauawa kwa kulipiza kisasi cha Kagera. Mwalimu Nyerere alichukizwa na jambo hilo, akaamuru raia wasiguswe. Mji wa Masaka nao, Februari, ulibomolewa sana. Haya yameandikwa vitabuni na hayaondoi haki ya vita yetu. Nayasema kwa sababu mwenye haki naye anaweza kutenda mabaya, na sinema ya mashujaa haina nafasi ya kuliweka jambo hilo. Ndiyo maana nikasema neno nduli lilifanya kazi.

Mfano wa tatu ni wa hesabu. Hesabu iliyotolewa baada ya vita ilisema askari wetu 373 walikufa. Kati yao 96 ndio waliouawa katika mapigano. Hebu toeni. Mia tatu sabini na tatu, toa tisini na sita. Wanabaki 277. Hao walikufa kwa sababu nyingine, hasa ajali. Fikirieni malori usiku bila taa, barabara za matope, madereva wasiolala. Wapo wanaosema hesabu yenyewe ni ndogo kuliko ukweli. Na hesabu ya Serikali wakati wa vita nayo isomwe kama ng'ombe wa mnadani, uzunguke upande wa pili. Lakini hata kwa hesabu hiyo, waliokufa nje ya mapigano ni karibu mara tatu ya waliouawa kwa silaha.

Ni sinema gani mmeiona ambayo shujaa wake anakufa lori likipinduka? Huyo hana muziki. Hana maneno ya mwisho. Lakini alikuwa amebeba unga na risasi, na bila unga na risasi yule wa mbele asingefika Lukaya. Jeshi letu wakati wa vita lilizidi watu 150,000, pamoja na mgambo wapatao 40,000. Watu wote hao walikula kila siku. Walikula mahindi yenu na ng'ombe wenu. Na vita ilipokwisha, Mwalimu aliwaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18. Wenye umri wanajua kwamba miezi ile ilizidi 18. Sabuni, chumvi na sukari zilipotea miaka kadhaa. Mama aliyefua kwa majani ya porini mwaka 1982 alikuwa bado analipa deni la vita.

Kwa hiyo kaka wa yule mama hakuwa adui. Wala hakuwa steringi. Alikuwa mtu, na mtu akienda vitani anaweza kufa. Waliozikwa Kaboya, wilayani Muleba, wote walikuwa hivyo. Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, Taifa linawakumbuka.

Rambo na sisi

Niseme kidogo juu ya Rambo, maana vijana watanilaumu nikimwacha. Mnamkumbuka hata msiomwona sinemani, kwa sababu sura yake ilichapwa kwenye mifuko ya plastiki. Tukaiita mifuko ya Rambo mpaka Serikali ilipoipiga marufuku tarehe 1 Juni 2019. Marekani ilipigana Vietnam kwa miaka mingi, na mwaka 1975 upande iliokuwa ikiusaidia ukashindwa kabisa. Mwaka 1985 ikatoka sinema ambayo Rambo anarudi Vietnam peke yake na kuwapiga Wavietnam karibu wote. Mnaona? Vita walivyoshindwa porini, miaka kumi baadaye wakavishinda bandani. Na mchezaji mwenyewe, Stallone, hakupigana Vietnam.

Hapo mwenye fedha alikuwa mfanyabiashara. Lakini nchini Marekani jeshi nalo huwaazima watengeneza sinema meli na ndege za vita, kwa sharti kwamba lisome hadithi kwanza. Hadithi ikilidhalilisha jeshi, ndege hazitoki. Sinema ya Top Gun ya mwaka 1986 ilitengenezwa kwa msaada wa namna hiyo.

Jambo la ajabu ni kwamba Rambo wa kwanza, wa mwaka 1982, hakuwa hivyo. Katika sinema ile ni askari aliyerudi nyumbani, hana kazi, polisi wa mji mdogo wanamfukuza kama mzururaji. Sinema ile ingefaa kuonyeshwa hapa Nyarero.

Nasema hivyo kwa sababu yetu wenyewe. Vijana wengi wa Tarime walikwenda Kagera. Waliporudi, wengine walirudi na heshima na ngoma, na baada ya ngoma hapakuwa na kitu. Na silaha zilirudi pia. Wazee mnajua, na watafiti waliofika huku wameandika, kwamba baada ya vita ile bunduki ziliongezeka vijijini, na wizi wa ng'ombe ukabadilika. Zamani kijana alikwenda na mkuki na upinde. Mwenye ng'ombe alikuwa na nafasi ya kupiga yowe na kufuata nyayo. Bunduki ilipoingia, anayefuata nyayo akawa anafuata kaburi lake. Koo zikalipizana kisasi. Watoto wakaacha shule.

Kwa Kikurya kijana aliyetahiriwa ni omomura, na omomura anategemewa awe jasiri. Ni jambo jema. Lakini nani sasa anamfundisha ujasiri ni nini? Zamani walikuwa wazee. Leo anakaa bandani saa nne mfululizo, au anatazama kwenye simu usiku chini ya blanketi. Yule anayetafsiri sinema kwa Kiswahili naye anatia chumvi, anamwita mmoja komando na mwingine panya. Halafu siku koo mbili zikikosana juu ya mpaka wa shamba, kijana huyo anashika panga akiamini kwamba yeye ni steringi. Upande wa pili kuna kijana mwenzake, ametoka kwenye banda lingine, naye anaamini vivyo hivyo.

Sitaki mabanda yafungwe. Mtu akitoka shambani anataka kupumzika, na mimi mwenyewe napenda sinema. Nataka tusome sinema kama tunavyosoma gazeti. Mkiwa mnatazama, ulizeni kwa sauti, hata wenzenu wakikasirika: nani ametoa fedha za sinema hii? Yule aliyeanguka pale anaitwa nani? Nani amempikia steringi? Bomu limeangukia wapi?

Kuna na kazi ya kuandika. Chukueni daftari moja la kijiji. Kila nyumba iliyotoa mtu kwenda Kagera mwaka 1978 na 1979, andikeni jina lake, kazi aliyofanya huko (mpiganaji, dereva, mpishi, mbeba majeruhi), kama alirudi, na aliporudi alifanya nini. Waandikwe pia waliobaki wakalima na kutoa ng'ombe. Wanaokumbuka wanapungua kila mwaka. Daftari likae shuleni, lisikae kwa mtu mmoja.

Jumamosi ijayo saa nane tutakuwa na mzee mmoja aliyekuwa dereva wa lori katika vita ile. Ameniambia kwamba toka Kyaka mpaka Kampala hakufyatua risasi hata moja, na kwamba safari moja lori lake lilikwama siku tatu kwenye matope. Mwenye banda la video amekubali kulifunga mpaka saa kumi ili vijana waje. Leteni kalamu na viti vyenu. Maswali tumeanza kuyaandika ubaoni. La kwanza linasema: siku zile tatu mlikula nini?